Goldifishi wenye macho laini (teleskopu, macho puto, macho angani): niliyojifunza baada ya kumpasua mmoja kifuko

#1 Mzee wa Jaba, Tabata

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nasoma nyuzi za kuku, za sungura, za bata mzinga, napita zangu. Leo nafungua uzi kwa sababu nilipopata shida na samaki wangu nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikaambulia ushauri mmoja tu: "badilisha maji mara kwa mara." Sasa mara kwa mara ndiyo mara ngapi?

Goldifishi wa kawaida, wale wembamba wenye mkia mmoja, siwazungumzii. Hao hata kwenye jaba la uani wanadunda. Nawazungumzia wale wa mapambo wenye macho ya ajabu. Kuna teleskopu, ambaye macho yametokeza pembeni kama taa za gari la zamani, na mweusi wake ndiye maarufu zaidi. Kuna macho puto, ambaye chini ya kila jicho amening'iniza kifuko cha majimaji kinachotikisika akiogelea. Halafu macho angani, mboni zake zimegeuka juu moja kwa moja, utadhani anasubiri mvua. Majina hayo mawili ya mwisho nimeyatunga mwenyewe, msinipeleke BAKITA. Ukitaka kuwatafuta mtandaoni tumia majina ya Kijapani: demekin, suihogan na chotengan.

Kisa chenyewe sasa. Mwaka jana mwezi wa tatu nilinunua macho puto wawili na teleskopu mweusi mmoja, duka silitaji. Muuzaji akanifungia na tangi la lita 60, filta ya mota, kokoto za rangi na kile kijumba cha plastiki chenye madirisha. "Hapo umemaliza kila kitu, bosi." Nikaondoka nikijiona mfugaji.

Wiki ya pili teleskopu akaingiza kichwa kwenye dirisha la kijumba akifuata punje ya chakula. Kuingia aliingia. Kutoka akarudi kinyumenyume, jicho la kushoto likakwama kwenye ukingo wa plastiki. Niliporudi kazini jioni jicho lilikuwa jeupe kama la samaki wa kuchemsha. Siku nne baadaye halikuwepo. Watoto wakambatiza Chongo, na ndilo jina lake mpaka leo.

Ungedhani nimejifunza. Nikatoa kijumba, filta nikaiacha.

Mwezi wa sita umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi nanyoa ndevu, nasikia jokofu limeanza kunguruma, nikajua umerudi. Kumbe Bi Mkubwa, yule macho puto mwenye vifuko vikubwa, alikuwa amelala chini karibu kabisa na mdomo wa filta. Mota ilipowaka ikavuta kifuko chake cha kulia. Nimetoka na povu shavuni namkuta ananing'inia pale kama nguo iliyonaswa na msumari, anapunga mkia taratibu. Sikumvuta. Hilo namshukuru Mungu, maana mkono ulishaanza kwenda. Nilichomoa plagi kwanza. Kifuko kikateleza chenyewe, lakini kilikuwa kimeshapasuka, kimelegea kama puto la sherehe siku ya pili yake.

Nilimhamishia kwenye jaba safi la lita 60. Chumvi gramu 120, yaani gramu 2 kwa kila lita, nikaipima kwa mizani ya duka la jirani (mzee wa duka akauliza napika nini). Sponji ya zamani kutoka kwenye tangi nikaihamishia humo ili bakteria wazuri wasikosekane. Kila siku natoa theluthi ya maji na kurudisha mapya yaliyokwisha kaa, na kila ninaporudisha naweka chumvi ya kiasi kile kilichotoka, si zaidi. Hakuna taa, hakuna mwenzake wa kumgonga. Siku ya tisa kovu lilikuwa limefunga. Baada ya wiki kama sita kifuko kikaanza kujaa tena, kidogo kidogo. Hakijafikia cha kushoto na sidhani kama kitafikia. Anaogelea ameinama upande kama mtu aliyebeba ndoo moja.

Katika kumuuguza ndipo nikamkumbuka bibi yangu. Alipofuka, nyumba nzima ilikuwa na sheria moja: kigoda kisihamishwe. Mtungi mahali pake, kizingiti hakiwekwi kitu, fimbo ukutani. Bibi alizunguka nyumba ile kuliko sisi wenye macho. Siku mjomba alipoacha baiskeli ukumbini, bibi alivunjika mkono. Nikaona wazi kwamba mimi nilikuwa nimewaachia hawa samaki baiskeli ukumbini, halafu natafuta dawa ya macho.

Tangi la sasa ni la futi nne, maji kama lita 200, samaki watatu tu. Hesabu inayotumiwa na wafugaji wengi ni lita 75 kwa samaki wa kwanza na lita 40 kwa kila anayeongezeka. Chini ni kioo kitupu, hakuna kokoto. Hakuna jiwe, hakuna mmea wa plastiki, ni mimea miwili laini iliyofungwa kwenye vigae vilivyosuguliwa msasa. Filta ni za sponji mbili zinazosukumwa na pampu ya hewa, hazina mdomo wa kuvuta mtu. Na chakula kinashuka sehemu moja tu kila siku: kisosi cheupe cha chai kilichokaa kona ya kulia. Chongo hakioni, anakinusa.

Niulizeni, na wenye uzoefu shusheni nondo.

#2 Binti Pangani, Tanga

Mkuu pole sana, hiyo ya nguo kwenye msumari imeniuma. Uzi bila picha lakini! Halafu swali: ndani ya hicho kifuko kuna nini? Hewa? Maana umesema puto.

#3 Mzee wa Jaba, Tabata

Ni majimaji, dada, hakuna hewa. Ngozi yake nyembamba sana, ukimulika taa kwa nyuma unaona mishipa ya damu. Anapoanguliwa hana vifuko, vinaanza kujitokeza akiwa na miezi kama mitatu na kuendelea kukua. Ndiyo maana ukinunua mdogo dukani unadhani umepata mwenye afadhali, baada ya mwaka anaburuta mizigo.

Picha nitaweka, simu yangu kamera imekufa.

#4 Kitoweo Chetu

Wanaliwa hao?

#5 Mzee wa Jaba, Tabata

Nilijua utakuja. Wanaliwa na paka wa jirani, kwa hiyo nimefunika tangi kwa wavu.

#6 Dawa ya Mifugo, Morogoro

Nachangia upande wa ugonjwa, maana naletewa sana. Mtu anakuja na picha ya teleskopu mweusi: "daktari macho yametoka." Mkuu, huyo kaumbwa hivyo! Mwaka juzi kuna mteja aliweka antibiotiki wiki nzima kwenye tangi kwa ajili ya samaki mzima wa afya, akaua bakteria wa filta, amonia (sumu inayotokana na taka za samaki) ikapanda, samaki wakafa. Dawa ilifanya kazi ya ugonjwa.

Tofautisheni hivi. Teleskopu macho yake yametokeza yote mawili kwa kulingana, yamekuwa hivyo tangu utotoni, kioo cha jicho ni angavu. Jicho la ugonjwa linavimba ghafla, ndani ya siku chache, mara nyingi na ukungu au damu pembeni. Likivimba moja, kwanza fikiria kajigonga. Yakivimba yote mawili, pima maji kabla hujafikiria dawa, kwa sababu hapo mara nyingi ni maji machafu au maambukizi ya ndani ya mwili. Na ukiona magamba yamesimama kama tunda la msonobari, tumbo limevimba, hali ni mbaya na sitakudanganya, wengi hawaponi.

Swali kwa mleta uzi: maji yako yana joto kiasi gani hapo Tabata?

#7 Mzee wa Jaba, Tabata

Hapo umenishika pabaya daktari. Januari yanafika nyuzi 30. Nikiweka feni ndogo inayopuliza juu ya maji yanashuka hadi 28, mara moja moja 27. Hewa ya Dar ina unyevu, feni haifanyi maajabu. Chupa za maji ya friza niliziacha, zinashusha joto ghafla halafu linapanda ghafla, samaki wanabaki wanayumba.

#8 Dawa ya Mifugo, Morogoro

Hawa wa mapambo wanapenda nyuzi 18 hadi 24. Kwa 30 wanaishi, ila unaishi nao ukingoni. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Wakati huohuo mwili wa samaki kwenye joto unahitaji oksijeni zaidi. Na sumu ya amonia nayo inakolea: maji yenye pH 8 (yaani yameegemea upande wa magadi) yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, sehemu ya amonia iliyo sumu inakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo kipimo kilekile ambacho mwenzako wa Lushoto kwenye baridi anasema "mbona hainidhuru", wewe kinaunguza mashavu ya samaki wako.

Ushauri wangu kwa wa Pwani: samaki wachache kuliko hesabu ya vitabuni, pampu ya hewa usiku na mchana, chakula kidogo miezi ya joto, tangi mbali na dirisha la jua la saa nane.

#9 Rongai Ndani Kabisa, Kenya

Wadau, huku kwetu joto si tatizo. Niko Rongai, maji kwa mtungi yanakaa 19 mpaka 21 bila kifaa chochote, asubuhi ya Julai yanaweza kwenda chini zaidi na samaki wako tu sawa. Watu wa Nairobi wanauziwa hita za goldifishi na sijui za kazi gani.

Shida yangu ni tofauti. Niko na macho angani wawili, na hawapati chakula. Nikirusha punje wale wengine wa mkia mmoja wanafagia zote kabla hawa hawajajua kumekucha. Wanabaki wakiangalia dari.

Pia stima yetu hupotea hivyohivyo, nimesoma hiyo ya filta nikaenda kutoa yangu usiku huohuo.

#10 Mzee wa Jaba, Tabata

Mkubwa, hilo la chakula halina dawa nyingine: watenganishe. Wa mkia mmoja ni mwanariadha, huyu wako ni mzee anayetazama mwezi. Hawawezi kula sahani moja. Wenye macho laini wakae na wenye macho laini, na wasio na pezi la mgongoni wakae pamoja, maana macho puto na macho angani wote hawana pezi hilo, kuogelea kwao ni kwa kuyumbayumba.

Ukishawatenga, tumia punje zinazozama. Ziloweke dakika chache kwenye maji ya tangi, ziweke mahali palepale, saa ileile. Ndani ya wiki mbili utawaona wanakwenda wenyewe. Goldifishi hana tumbo la kuhifadhia chakula, kinapita kwenye utumbo moja kwa moja, kwa hiyo kidogo mara mbili au tatu kwa siku ni bora kuliko kumwaga mara moja. Jumapili zangu ni njegere za kuchemsha zilizomenywa ganda, nazisaga kwa vidole. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda kuliko vyote, ila usivitoe kwenye mtaro.

#11 Mie wa Ruwi, Muscat

Assalam aleikum ndugu zangu. Mie mzaliwa wa Unguja, naishi Oman. Nnasoma hapa mnalia na nyuzi 30, nacheka. Hapa kwetu mwezi wa sita nje ni zaidi ya 40, na maji ya bomba yanatoka kwenye tangi la juu ya paa yakiwa ya moto, unaweza kuchovya chai.

Kosa langu lilikuwa hilo. Nlibadilisha maji mchana, nkajaza moja kwa moja kutoka bomba. Dakika tano teleskopu wangu mwenye mkia wa kipepeo keshalala ubavu. Alipona, lakini tokea siku ile maji mapya yanalala ndani ya chumba chenye kiyoyozi usiku mzima kwenye mapipa ndiyo yanaingia. Chumba chenyewe kipo 24 daima. Bi nyumba anasema samaki wanapoa kuliko wageni.

Jengine la mapipa: klorini inaondoka yakikaa siku nzima yakipulizwa hewa. Lakini sehemu zinazotia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoki kwa kukaa, hiyo lazima dawa ya kuondoa klorini ya dukani. Mtu aulize kwanza maji yake yanatiwa nini.

#12 Kontena Futi Arobaini, Dar

Huu uzi nimeupenda. Mimi nilikaa Guangzhou miaka minne kwenye shughuli za mizigo, na Jumapili nilikuwa nakwenda Huadiwan, soko la maua, ndege na samaki. Hapo ndipo nilipoelewa hawa viumbe.

Kwanza, hawakuzalishwa watazamwe kwa ubavu kama tunavyofanya sisi na matangi ya kioo. Wachina waliwafuga karne na karne kwenye madimbwi na mitungi ya udongo, mtu anainama anawatazama kutoka juu. Ukimtazama macho angani kwa ubavu unaona kichekesho. Mtazame kutoka juu, anakutazama na yeye. Nilishtuka mara ya kwanza, nilihisi kuna mtu ndani ya beseni. Teleskopu mwenye mkia wa kipepeo ni vilevile: kwa juu mkia unafunguka kama mbawa, kwa ubavu huoni kitu.

Pili, na hili nataka mleta uzi alichukue. Muuzaji mmoja wa makamo alikuwa na mabeseni kama ishirini ya macho puto. Mteja akachagua. Yule mama hakugusa wavu kabisa. Alichukua bakuli la plastiki jeupe, akalizamisha taratibu mbele ya samaki, mkono wa pili akawa anamsukumia maji kwa nyuma, samaki akaingia mwenyewe, bakuli likanyanyuliwa na maji yake. Mfuko wa kusafirishia ulikuwa na kona zimefungwa kwa mpira ziwe duara, samaki asijibane kwenye pembe. Mteja mwingine alishika wavu kujisaidia, mama akampiga kofi la mkono. Kofi kabisa.

Kuhusu asili: teleskopu walianza kuonekana China mwanzoni mwa karne ya 18, wakaitwa macho ya joka. Macho puto ni wa karibuni zaidi, karne ya 20. Kuna hadithi kwamba macho angani walipatikana kwa kufugwa ndani ya mitungi yenye tundu dogo juu, wakawa wanatazama mwanga mpaka macho yakageuka. Ni hadithi tu. Watoto wake wanaanguliwa na macho ya kawaida, yanatokeza, kisha yanapinduka juu yakikua, hata ukiwaweka uwanja wa mpira.

#13 Mwanafunzi wa Jeni

Nathibitisha la mkuu wa kontena. Ni urithi. Tabia ya teleskopu inajificha: ukimzalisha na goldifishi wa kawaida watoto wote wanakuja na macho ya kawaida, kisha wanapozaliana wao kwa wao macho yanarudi kwa baadhi ya wajukuu. Tafiti zilizochapishwa 2020 zilihusisha macho hayo na hitilafu kwenye jeni ya LRP2. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu inahusishwa na kutoona mbali. Teleskopu naye mbali haoni vizuri. Kwa hiyo mfano wa bibi wa mleta uzi ni sahihi kuliko alivyodhani.

#14 Shangazi Tatu, Mwanza

Wanangu, nimesoma kuanzia mwanzo hadi hapa na nina neno, msinikasirikie. Mnamzungumzia kiumbe ambaye haoni mbele, hapiti penye ncha, hali mpaka aandaliwe kisosi, na akikaribia bomba anapasuka. Nani alimfanya hivyo? Sisi watu, kwa kutaka kitu cha kushangaza sebuleni. Mimi nimekulia ziwani, samaki najua ni kitu chenye kasi. Huyu mmemfanya mto wa sofa.

Mwanangu yuko Ujerumani, ananiambia kule sheria ya ustawi wa wanyama inakataza kuzalisha wanyama kwa maumbile yanayowaletea mateso. Na Roma mwaka 2005 walipiga marufuku hata yale mabakuli ya duara ya goldifishi. Wao wamelifikiria. Sisi tunanunua tu kwa sababu mtoto amelia dukani.

#15 Mzee wa Jaba, Tabata

Shangazi, shikamoo.

Sikukasirikii hata kidogo. Hilo swali nimelala nalo siku tisa nikimuuguza Bi Mkubwa. Nikuambie ukweli wangu: macho puto sitanunua tena. Si kwa sababu ni mgumu kufuga, ni kwa sababu nimemwona akijaribu kugeuka ghafla alipoguswa na mwenzake na vifuko vikamvuta kurudi alikotoka, kama mtoto aliyeshikwa shati. Teleskopu sijaamua. Chongo ana maisha, anafukua, anagombania njegere, ananijua nikikaribia. Niliowanunua tayari nitawatunza mpaka mwisho wao, na mwisho wao si wa karibu, kuna goldifishi wa kawaida Uingereza aliyeishi miaka 43. Hawa wa mapambo wakitunzwa wanafika kumi, kumi na tano.

Kinachoniudhi ni mtu anayesema "basi nitawaachia mtoni wawe huru." Usifanye hivyo, ndugu msomaji. Huyo mwenye macho laini ataliwa siku hiyohiyo, na wa mkia mmoja atazaliana na kuchafua mto usio wake.

#16 Shangazi Tatu, Mwanza

Marahaba mwanangu. Basi mtunze. Nami niwekee picha ya huyo Chongo.

#17 Mgeni wa Akwariamu, Dodoma

Wakuu mimi ndiyo naanza, nina teleskopu mmoja, siku ya tano leo. Maji yamekuwa meupe kama ya mchele na samaki amekaa chini tu. Muuzaji alinipa na yule samaki msafishaji anayenyonya kioo, alisema atamaliza uchafu. Jana nimemkuta amejibandika ubavuni mwa teleskopu. Ni urafiki?

#18 Kontena Futi Arobaini, Dar

Si urafiki, mkuu! Anamla ute wa ngozi. Mnyonyaji akishaonja ute wa goldifishi haachi, na kwa teleskopu anahamia kwenye jicho. Mtoe sasa hivi, usisubiri asubuhi.

#19 Dawa ya Mifugo, Morogoro

Amtoe, halafu ashughulike na maji. Mgeni, tangi lako ni jipya, halina bakteria wa kubadili amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa naitreti. Kuwajenga kunachukua wiki nne hadi sita. Kwa muda huo punguza chakula kiwe kidogo sana, mara moja kwa siku, na badilisha theluthi ya maji kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana. Usioshe sponji kwa maji ya bomba, ikamulie ndani ya maji ya tangi uliyoyatoa. Ukipata mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji chafu, hiyo ni zawadi kubwa kuliko samaki. Vipimo vya matone vya amonia na nitriti nunua kabla ya pambo lolote. Vyote viwili vinatakiwa visome sifuri.

Jicho lake likoje? Angavu au lina ukungu?

#20 Mgeni wa Akwariamu, Dodoma

Nimemtoa mnyonyaji, yuko ndooni. Jicho la kulia lina kama utando mwembamba upande wa chini.

#21 Dawa ya Mifugo, Morogoro

Utando mwembamba kwenye maji machafu mara nyingi unaondoka maji yakitakata. Usimwekee dawa yoyote sasa. Mabadiliko ya maji kila siku kwa wiki, zima taa, toa kila chenye ncha. Ukizidi au jicho likianza kuvimba, rudi hapa na picha. Tumia bakuli la yule mama wa Guangzhou ukitaka kumhamisha.

#22 Rongai Ndani Kabisa, Kenya

Mrejesho: niliwatenga macho angani Jumatatu, nikaweka kisosi. Siku tatu hawakuona kitu, niliokota punje zote zikiwa zimeoza. Leo asubuhi mmoja amejigonga juu ya kisosi kwa bahati, akasimama hapo kama mtu aliyekanyaga pesa. Akamaliza zote. Mwenzake alikuja baada ya dakika kumi, nafikiri alifuata harufu. Mke wangu ameniona nikishangilia jikoni peke yangu.

Niliwanunulia kisosi cha bluu, ni sawa ama lazima kiwe nyeupe?

#23 Mzee wa Jaba, Tabata

Haha, cha bluu ni sawa mkubwa, changu ni cheupe kwa sababu mwenzake kikombe kilivunjika. Ila cheupe unaona mabaki upesi na kuyanyonya kwa mpira kabla hayajaoza.

Picha za Chongo na Bi Mkubwa nitaweka kesho nikiazima simu ya binti yangu. Shangazi, ya kwako nitaipiga kutoka juu, kama alivyosema mkuu wa kontena.

Mgeni wa Dodoma, nina sponji moja ya ziada iliyokomaa. Kuna mtu wangu anasafiri kwa basi Ijumaa, itakuja ndani ya chupa ya maji, nitumie ujumbe wa pembeni tupange.

Umeme umekatika hapa sasa hivi. Filta ile ya mota nilimpa kijana wa chumba cha nyuma, na yeye ana teleskopu wawili na hayupo. Nakwenda kuichomoa kabla haujarudi.